Moshi wa Gari la Momanyi

Ekerenyo,
Jumapili, 14 Mei 1972

Mwanangu Onyancha,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Sisi tuliobaki tu wazima. Mvua haijapumzika tangu Machi, na chai inachipua kuliko mikono tuliyo nayo ya kuichuma. Goti langu la kushoto liko vile ulivyoliacha. Mkwe wangu Drusilla anakula kidogo, lakini anakula, na mtoto wake ameanza kutambaa. Dada yako Bochaberi alikuja juma lililopita, akarudi kwa mumewe. Mama yako hajambo. Siku hizi haji kanisani.

Momanyi wangu tulimzika Alhamisi, tarehe 27 Aprili. Telegramu ilipelekwa. Hukuja, nami sikulaumu, kwa kuwa Mombasa ni mbali na mwajiri ni mwajiri.

Barua yako ya Februari nairudisha pamoja na hii. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Umeandika "gari hii" mara nne. Ni gari hili. Nilikufundisha hivyo ukiwa darasa la tatu, na sasa unakaa kwa wenye lugha yao, kwa hiyo usiniaibishe.

Jambo linalonifanya niandike ni hilo gari lenyewe. Tangu msiba limesimama bandani. Nililiwasha Jumatano ili betri isife kabisa. Linatoa moshi. Injini inaunguruma vizuri, haikohoi, lakini nikikaa ndani kwa muda wa robo saa kichwa kinaniuma na macho yanakuwa mazito. Wewe ni fundi, nami ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Nieleze kwa utaratibu: moshi wa gari kuukuu husababishwa na nini, na mtu huchunguzaje mahali ulipo ubaya? Nataka kujua kabla sijaliuza.

Usiandike kwa penseli.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Zakaria Ratemo

*

Mombasa,
28 Mei 1972

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hapa joto limepungua kidogo, na kazi ipo. Mke wangu na watoto wanakusalimu. Mdogo ametokwa na surua wiki hii.

Telegramu ilinifikia tarehe 2 Mei. Waliipeleka kwenye sanduku la karakana ya zamani, ikakaa huko. Nilipoisoma, Momanyi alikuwa amekwisha kuzikwa siku tano. Sijui niandike nini juu yake. Tulilala kitanda kimoja mpaka nilipoanza kunyoa ndevu. Barua yako inasema mlimzika Alhamisi, lakini haisemi alikufa kwa nini. Telegramu nayo ilikuwa na maneno manne tu.

Kuhusu gari hili (nimeona wino), moshi husomwa kwa rangi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua ndani. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia mahali pasipo pake. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Huenda choki inayobana hewa injini ikiwa baridi imekwama au chujio la hewa limeziba. Huo mweusi ndio mbaya kwa mtu aliye karibu.

Lakini kichwa kukuuma ukiwa ndani ni jambo jingine. Maana yake ni kwamba moshi hautokei nyuma peke yake. Fanya hivi. Washa gari likiwa limesimama nje, si bandani. Chukua kitambaa kinene, kiloweshe maji, uzibe mdomo wa bomba la moshi kule nyuma kwa mkono. Kama bomba ni zima, litakusukuma mkono na injini itataka kuzima. Kama injini inaendelea kana kwamba hakuna kitu, basi moshi umepata mlango mwingine. Mtu mwingine ainame asikilize kutoka mbele mpaka nyuma. Atasikia mahali panapopuliza.

Nijibu haya: moshi ni wa rangi gani? Panapuliza wapi? Na Momanyi alikuwa wapi alipokufa?

Mama sijapata neno lake tangu Pasaka. Mwambie namsalimu.

Mimi mtoto wako,
Onyancha

*

Ekerenyo,
Jumapili, 11 Juni 1972

Mwanangu Onyancha,

Barua yako nimeipokea tukiwa wazima. Pole kwa surua ya mtoto. Hapa mvua ya mawe imepiga ndizi za upande wa chini. Chai haikuumia sana. Wimbi la mama yako limesimama vizuri.

Nimefanya kama ulivyoagiza, na naandika majibu kwa mpangilio wako.

Moshi ni mweusi. Asubuhi ni mweusi zaidi. Nimefungua chujio la hewa, nikakuta vumbi limegandamana na mafuta kama ugali uliosahaulika chunguni.

Niliziba bomba kwa gunia lililoloweshwa. Injini haikujali. Drusilla aliinama akasikiliza, akasema panapuliza chini ya kiti cha dereva. Nililala chini nikatazama. Bomba lina tundu lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi, na ubao wa sakafu juu yake umeoza pembeni.

Ulitumia neno "mlango" kwa maana ya tundu. Si kosa, lakini fundi hutaja kitu kwa jina lake.

Kuhusu Momanyi, alikuwa njiani akirudi kutoka Nyamira na mbolea. Mto ulikuwa umepita juu ya daraja, naye akasubiri. Hayo yamekwisha kuzikwa pamoja naye.

Mama yako anakusalimu. Amekuwa mtu wa kukaa ndani. Watu wana maneno yao.

Ni mimi,
Z. Ratemo

*

Mombasa,
2 Julai 1972

Kwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nyumbani kwangu ni wazima. Leo sitaandika habari za hali ya hewa.

Bochaberi ameniandikia kurasa sita. Kumbe yote hayo yalikuwapo, nawe unaniandikia kwamba mama ni mtu wa kukaa ndani. Nanakili hapa alivyoandika, ili ujue ninachokijua.

Anasema Momanyi alipofika darajani saa tisa mchana aliliacha gari likiunguruma, akapanda kwa mama kujikinga mvua. Mama akampa bakuli la uji wa wimbi. Akanywa, akasema, "Mama, uji huu ungekuwa mwanamke ningeuoa." Mama akacheka. Kisha Momanyi akasema anarudi garini kulinda mbolea, asije mtu akaichukua. Saa kumi na moja Mzee Ongeri alimkuta ameegemea usukani, madirisha yamefungwa, amekufa, na midomo yake ni myekundu.

Anasema Ongeri ndiye aliyeanza. Kwenye maziko alisema mbele ya watu: "Mtu mzima wa miaka thelathini anywe uji, ashuke mlimani, afe. Uji gani huo?" Na wanawake kisimani wanamwambia Bochaberi usoni: "Mwana wa Mwalimu alikuwa mmoja tu, na amemwachia mtoto wa kike. Sasa shamba lote litakuwa la nani kama si la Onyancha wenu?" Hakuna anayekwenda kwa mama kuomba moto. Drusilla alipopelekewa ndizi na mama, alizipokea kwa heshima, na baadaye akawatupia ng'ombe. Bakuli alilonywea Momanyi mmeliweka kwako kama ushahidi. Na tarehe 23 Julai kuna kikao cha ukoo, nawe ndiye mwenyekiti, ili mama arudishwe kwao Nyacheki katika umri wake wa miaka sitini.

Baba Mkubwa, mama hakumuua Momanyi. Gari lilimuua, nawe una ushahidi wote kwa mkono wako mwenyewe, katika barua yako ya Juni.

Moshi mweusi unabeba hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Gari likiwa linakwenda, upepo huifukuza. Likiwa limesimama, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na tundu liko chini ya kiti, hewa hiyo hupanda na kujaa. Mtu haoni kitu. Kichwa kinauma, usingizi unamchukua. Mwaka juzi tulimtoa mlinzi mmoja kwenye lori hapa bandarini. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyetafuna tambuu. Hakuwa amekunywa uji wa mama yangu.

Mambo mawili bado yananisumbua. La kwanza, kwa nini hakuzima injini? La pili ni hili. Bomba lenye tundu la ukubwa wa shilingi hunguruma mpaka kijiji cha pili. Nilipokuja Desemba gari lilikuwa linanguruma hivyo. Nilimwandikia Ratilal wa gereji ya Kisii, aliyenifundisha kazi, kumuuliza kama alibadili bomba. Amenijibu hivi: "Mwezi wa tatu nilimwambia Mwalimu aliache gari kwangu wiki mbili, bomba lije kutoka Nairobi. Akasema majani ya chai hayangoji wiki mbili. Sijaliona tena." Lakini Bochaberi anasema siku ile mama hakusikia gari likija. Aliona mtu tu mlangoni, amelowa. Kwa hiyo tundu lilikuwa limezibwa na kitu, na kitu hicho hakipo tena. Nani aliliziba, na kwa nini?

Nakuomba usome barua hii kwenye kikao, yote, kwa sauti. Wewe wakikusikiliza wataamini.

Mtoto wako,
Onyancha

*

Ekerenyo,
Jumapili, 20 Agosti 1972

Onyancha,

Salamu. Mvua imepungua. Tumeanza kuvuna wimbi.

Barua yako ilifika tarehe 14 Julai. Kikao kilifanyika tarehe 23 kama kilivyopangwa. Walikuja wazee kumi na mmoja. Barua yako ilikuwa katika mfuko wa koti langu. Sikuisoma.

Ongeri alisema, na wengine wakasema. Mama yako aliulizwa kama ana neno. Alisema, "Nilimpa uji kwa sababu alikuwa amelowa." Aliulizwa kama ana neno jingine. Alisema hana.

Iliamuliwa arudi Nyacheki baada ya kuvuna wimbi lake. Nilipiga muhuri wa kikao kwenye karatasi.

Umeuliza juu ya injini. Stata, kiwashio cha injini, ilikuwa imeharibika. Gari likizimwa, lilitakiwa kusukumwa na watu wanne; hata mimi nikiliwasha husukumiwa. Hakuruhusiwa kuzima.

Hilo la tundu sina jibu lake.

Z. Ratemo

*

Mombasa,
30 Agosti 1972

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Umeandika kwamba hakuruhusiwa kuzima. Nani hakumruhusu?

Likizo yangu inaanza tarehe 9 Desemba. Nitakuja na Ratilal, nitalala chini ya gari hili na taa, nami nitaona. Udongo huacha alama kwenye chuma. Waya huacha alama. Usiliuze.

Bochaberi anasema mama amebakiza vipande viwili vya wimbi, na anavuna polepole, suke moja moja.

Onyancha

*

Ekerenyo,
Jumapili, 24 Septemba 1972

Mwanangu Onyancha,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto. Tu wazima hapa. Barua yako ya mwisho sikuisahihisha.

Umeandika neno "udongo" kabla sijalitaja. Basi najua kwamba umekwisha kujua, na unaningoja niseme mwenyewe. Nasema.

Mwezi wa Machi nilitoka kwa Ratilal nikiwa nimekasirika. Wiki mbili za kulingojea bomba niliona ni uvivu wa mtu wa mjini. Nilirudi nyumbani nikafanya kama baba yangu alivyoziba maghala ya wimbi, na alivyokufundisha wewe pia ulipokuwa mdogo. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikauponda, nikauchanganya na samadi na nyuzi za migomba, nikaupaka juu ya tundu kwa unene wa vidole viwili. Nikaufunika kwa kipande cha debe na kufunga kwa waya. Moto wa bomba uliukausha ukawa kama chungu. Gari likanyamaza. Nilimwita Drusilla aje asikie linavyonyamaza. Nilijisifu mezani.

Ghala halitikisiki. Sikulifikiri hilo. Barabara ya kutoka Nyamira ilipasua udongo kwa ndani, debe likauficha ufa, na moshi ukawa unapanda bila kelele. Kama ningeliacha tundu wazi, lingenguruma, na Momanyi angefungua dirisha hata mvua ikinyesha. Mimi nililinyamazisha.

Mwanzoni mwa Aprili aliniambia mara mbili, "Baba, gari linaniumiza kichwa." Mara ya kwanza nilimwambia alale mapema. Mara ya pili nilimwambia mtu wa miaka thelathini asinilalamikie kama mtoto wa shule. Ni mimi niliyemkataza kuzima injini njiani. Asubuhi ile alipoondoka nilimwambia pia akumbuke kufunga madirisha, viti visilowe.

Siku ya maziko, watu walipokuwa wanaimba, nilitazama midomo yake, nikakumbuka kichwa kilivyokuwa kikiniuma mimi mwenyewe nikilipasha gari moto asubuhi. Kesho yake nikaingia chini ya gari kwa koleo, nikatoa waya, debe na udongo, nikavifukia kwenye mstari wa saba wa chai. Kisha nikakuandikia barua ya Mei. Nilikuuliza juu ya moshi nikitumaini kwamba utaniambia ni jambo jingine. Ulinijibu kwa usahihi. Kila barua yako ilikuwa sahihi, na kila nilipoisoma sikuhisi kitu chochote. Niliweza kula. Niliweza kusimamia kikao. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, si kwa kujitetea.

Jumapili iliyopita niliwaita wazee wale wale kumi na mmoja bandani, na mama yako, na Drusilla. Ongeri alifika akicheka. "Mwalimu amestaafu," alisema, "sasa anatufundisha moshi." Mzee Nyangate akamwambia, "Kaa mbele, Ongeri, wewe ndiye uliyekuwa ukishika mkia darasani." Wakacheka.

Nilikuwa nimechimbua vile vitu kwenye mstari wa saba. Niliviweka juu ya gunia mbele yao: kipande cha debe, waya, na udongo vipande vitatu, mweusi upande mmoja. Niliwasomea barua yako ya tarehe 2 Julai, yote, kwa sauti, pamoja na sehemu inayomtaja Ongeri. Hapo hawakucheka. Kisha nikawasha gari nje, nikamwambia Ongeri azibe bomba kwa gunia bichi. Aliziba. Injini ikaendelea. Nikamwambia aingie ndani, afunge madirisha, akae.

Akasema, "Mpaka lini?"

Nikasema, "Momanyi alikaa karibu saa mbili."

Hakuingia. Alirudi akaketi. Baada ya muda akauliza, "Na nani aliweka udongo huu?"

Nikasema ni mimi. Nikasema niliufukia nikijua. Nikasema uamuzi wa Julai ulitolewa na mtu aliyekuwa na ushahidi mfukoni, na hivyo si uamuzi. Niliichana karatasi yenye muhuri mbele yao. Nyangate alisema mwenyekiti mwingine atafutwe, nami nikasema ni sawa. Ongeri alimsogelea mama yako akasema, "Mke wa ndugu yetu, tulikosa." Mama yako alitazama miguu yake. Drusilla aliingia nyumbani, na tangu siku hiyo hajasema nami. Chakula ananiwekea.

Mama yako harudi Nyacheki. Hilo ndilo ulilotaka, na limekwisha. Juzi niliona moshi ukitoka jikoni kwake, na mtoto wa Nyangate akitoka na kaa la moto kwenye kigae.

Jana Sabato, baada ya ibada, nilishuka kwake kumrudishia bakuli. Nilikuwa nimelikalisha kabatini miezi mitano. Alilipokea, akaliosha, akalijaza uji, akanipa. Niliketi nikanywa mpaka mwisho. Hakuna aliyekuwa amekunywa kitu katika nyumba ile tangu Momanyi.

Aliniuliza, "Mwalimu, ulijua lini?"

Nikasema, "Siku ya maziko."

Alichukua bakuli mkononi mwangu, akaliosha kwa majivu mara mbili, akaliweka chini karibu na mlango, mbali na vyombo vyake vingine.

Ukija Desemba, gari utalikuta bandani. Nimelitoa magurudumu. Njoo na taa kama ulivyosema, ulale chini yake, utazame kwa macho yako, kisha uje nyumbani kwangu kama utaweza. Ukishindwa, pita kwa mama yako, nami nitaelewa.

Zakaria Ratemo